Umeme Ulipokatika Mashineni

Jumamosi nilipeleka debe la mahindi mashine ya kusaga, kule Mshangano. Wasagaji ni wawili, mmoja kwenye mizani, mwenzake juu kwenye mashine, na kwa kelele zile hata jina lako hulisikii. Basi wanaongea kwa mikono. Ngumi juu, dona, yaani saga bila kukoboa. Viganja vikisuguana, koboa kwanza. Mwenzake anaitikia kwa kidole gumba, uso mweupe kwa unga, meno yote nje. Nusura niwapigie makofi!

Ghafla umeme ukakatika. Kimya. Sasa wakaanza kuongea.

"Ya mama huyu ni dona," akasema wa mizani, akimwonyesha mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni.

"Umesema ya kukoboa!"

"Nimesema saa ngapi?"

"Wewe kila siku unabadilisha maneno!"

Wamepeana migongo, mmoja anaiambia mizani, mwingine analiambia gunia. Mama mwenyewe, mwenye wageni wa kipaimara wanaosubiri ugali Matogoro, akashika kichwa. "Jamani, umeme urudi! Hawa wakiongea hawaelewani!"

Ukarudi. Wakatazamana. Ngumi juu, kidole gumba, vicheko. Dona ikamiminika, mama akapiga kigelegele.

Nilicheka njia nzima. Jumatatu ofisini tukawa na kikao cha kuboresha mawasiliano. Saa mbili nzima tunaongea, hatuelewani. Mwishowe nikasimama, nikainua ngumi juu kabisa.

Hakuna aliyeiona. Wote walikuwa wameinamia simu, wanajibizana kwenye grupu la ofisi.