Kijana wa Dili Alipoleta Posa

Sisi tuliofundishwa kupanga foleni ya sukari kabla ya kufundishwa kuhesabu tuna ugonjwa mmoja: hatuamini kitu kinachopatikana kirahisi. Hata leo nikiingia dukani nikakuta sabuni za kila aina zimepangwa, moyo wangu unauliza zimetoka wapi. Watoto wangu hunicheka. Wao walizaliwa wakakuta vitu vimejaa. Hawajui kwamba kuna wakati nyumba yenye miche miwili ya sabuni iliuficha mmoja chini ya kitanda, na jirani aliyekuja kuomba moto alisimama mlangoni akinusa kwanza.

Kwetu ni Utemini, Singida mjini, ingawa baba alizaliwa Ihanja na mashamba yetu ya alizeti na uwele yalikuwa huko. Nakumbuka jioni za kiangazi na ule upepo wetu unaotia mchanga kwenye mlenda ukichelewa kufunika chungu. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi mpaka vumbi likatugeuza rangi. Tukichoka tulikaa ukutani kutafuna mbegu za alizeti zilizokaangwa, na maganda tuliyotema yakapeperuka hadi kwa majirani, wakatutukana kidogo. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa na kigoda chake karibu na mlango. Alimshuku kila mtu, na sisi tukiwemo. Ukimwamkia shikamoo kwa sauti tamu kuliko kawaida, anaitikia marahaba halafu anauliza, "Umevunja nini?"

Baba alikuwa mpimaji kwenye ghala la ushirika. Watu walimheshimu kwa sababu kazi yake ilionekana: mzani huu hapa, gunia hili hapa, na yeye huyu hapa na koti lake la kaki. Kisha mambo yakafunguliwa. Wale tuliozoea kuwaita walanguzi, waliokuwa wakipitisha magunia vichochoroni, sasa walipita barabarani mchana kweupe na watu wakawaamkia. Wanunuzi wapya walikwenda na malori hadi shambani. Ghala likafungwa, baba akarudi nyumbani, akawa anakaa upande wa pili wa mlango, akitazamana na Bibi. "Ruksa, ruksa," alikuwa anasema. "Siku mbuzi akila shuka langu nitaambiwa nayo ni ruksa."

Ni wakati huohuo ndipo likaja neno dili. Tuliambiwa ni neno la Kiingereza, lakini kwetu lilifika bila mwalimu. Lilishuka na utingo wa malori pale njia panda ya Mkiwa, likanywa nao chai, likapanda kuja mjini. Mwanzoni dili ilikuwa kitu cha wizi. Ukisikia redio ya fulani ni ya dili, ulijua usiiguse isije ikaacha alama mkononi. Haukupita muda mrefu, dili ikawa kitu kizuri. Kijana akivaa suruali ya mtumba iliyomkaa sawasawa, wenzake wanamwambia hiyo ndiyo dili. Mitumba yenyewe tuliiita kafa ulaya, na Bibi alikuwa anaichemsha na majani ya mwarobaini ili marehemu aondoke kabla hatujaivaa. Halafu dili ikawa kazi, tena kazi yoyote. Halafu ikawa mapenzi, kwani tulinong'onezana shuleni kwamba binti fulani ana dili na mtoto wa kinyozi. Biashara ikiharibika, dili imebuma. Ukimsema mwenzio kwa wakubwa, umechoma dili yake. Na mtu akikuambia "si dili", hukujua kama anamaanisha usijali au kitu chako hakina thamani.

Mwalimu wetu wa Kiingereza tulimuuliza darasani. Alisema ni makubaliano baina ya watu, kisha akageuka haraka akafuta ubao uliokuwa tayari msafi. Tukamshuku na yeye. Baba alipotusikia tukilitumia barazani alitukataza. Alisema neno linaloenea kila mguu kama kandambili za msikitini, lazima kuna mtu limemwacha pekupeku.

Sasa basi, dada yangu Mwajuma, mkubwa wetu, akapata mchumba. Aliitwa Rama. Alikuwa kijana mrefu, msafi, mpole wa kuamkia, na baba yake alikuwa Mrangi aliyefungua mgahawa mdogo hapo mjini. Mama yake alitoka Tanga. Hilo la Tanga, kunakosifika kwa uchawi, peke yake lilimfanya Bibi asogeze kigoda chake nyuma. Lakini kilichomkera baba kilikuwa kingine. Alipomuuliza kijana anafanya kazi gani, Rama alijibu kwa adabu zote, mikono nyuma, "Nafanya dili, mzee."

"Dili gani?"

"Za kuku, mzee. Na nyingine zinazotokea."

Hilo la nyingine zinazotokea ndilo lililomtoa baba usingizi. Kwetu binti hatolewi kwa mtu ambaye kazi yake haitamkiki kwa jirani. Jirani akikuuliza mkwe anafanya nini, unasema mwalimu, mkulima, fundi cherehani, na mazungumzo yanaendelea. Sasa utasema nini? Baba alianza kufanya upelelezi. Aliuliza kwa madereva, aliuliza msikitini, akaenda mpaka Ihanja akajifanya anakagua shamba ambalo lilikuwa limeshavunwa. Alirudi na habari nusunusu. Rama anaonekana vijijini na baiskeli na matenga, akina mama wanamkabidhi kuku, halafu anapotea nao kuelekea Dodoma. Baba aliyasema maneno hayo kwa sauti ya mtu aliyeona nyayo za fisi karibu na zizi. Dada Mwajuma alikuwa anachambua mchele, na niliona anazitupa punje nzima pamoja na mawe.

Hata hivyo siku ya posa ilipangwa, kwa sababu kukataa bila kusikiliza ni utovu wa adabu. Mshenga wao alikuwa Mzee Swalehe, fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya shule yetu. Alikuja mchana baada ya swala, na kanzu iliyopigwa pasi, nyuma yake vijana wamebeba sukari, kanga na kuku wazuri wa kienyeji. Sisi watoto tulijipanga ukutani tukiwahesabia kuku hao vipande. Ndipo Bibi akasimama. Mmoja wao alikuwa tetea mweusi tii, na mguuni alikuwa amefungwa kitambaa chekundu.

Sina haja ya kuwaeleza watu wa rika langu maana ya kuku mweusi mwenye kitambaa chekundu. Kuku wa namna hiyo alikuwa anaonekana njia panda au kwa mganga, hakuwa wa kuletwa kwenye posa. Bibi alichota majivu jikoni akayamwaga kizingitini, akasema kwa sauti ambayo Utemini yote iliisikia, "Kuku wa heri havai nguo."

Mzee Swalehe alijaribu kueleza. Alisema ndivyo kijana anavyofanya kazi. Anakusanya kuku kwa akina mama wengi kutoka Mkiwa na Ihanja, na kila mama anachana kipande cha kanga yake anamfunga kuku wake, ili njiani kuku akifa ijulikane ni wa nani na pasiwe na ugomvi. Huyu alinunuliwa na Rama mwenyewe kwa ajili ya posa, na kitambaa kilisahaulika tu. Maelezo yalikuwa mazuri, na uzuri wake ndio uliomponza. Bibi alisema hivyo hivyo ndivyo mganga angeeleza. Baba alitazama kile kitambaa kwa muda mrefu, akasema posa isubiri. Mzee Swalehe akaondoka amekunja uso, kuku wakabaki uani wamefungwa miguu, hakuna mtu aliyetaka kuwagusa wala kuwarudisha.

Kilichofuata sitakisahau mpaka naingia kaburini. Dada Mwajuma hakulia wala hakujifungia ndani kama tulivyotazamia. Alikwenda akamkamata yule tetea mweusi, akafungua kitambaa, akakifunga kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Akatoka naye hadi kwa Mzee Swalehe amchinje. Mzee akamchinja kwa bismillah, nadhani kwa hasira kidogo. Dada akarudi, akamnyonyoa uani, akawasha moto kwenye mafiga ya nje, palepale mbele ya kigoda cha Bibi. Kuku wa kienyeji mnamjua, haivi kwa haraka. Mpaka jioni alikaa akichochea, upepo ukachukua harufu ya ule mchuzi ukaipeleka kila nyumba, na majirani wakagundua ghafla kwamba wana shida ndogondogo za kuja kuomba kwetu.

Kuku alipoiva, dada alipakua. Kwanza akampelekea baba firigisi kwenye kisahani, kama ilivyo desturi. Akapiga goti. Baba akageuza uso pembeni. Dada akasubiri kidogo, kisha akaichukua ile firigisi akaila yeye, mwanamke, mbele ya baba yake. Mama alishika kichwa. Halafu dada akaanza kula kuku aliyebaki. Mimi aliniita, akaninyooshea paja, na nilitaka kwenda kwa roho yangu yote, lakini Bibi alikuwa amenishika gauni kwa nyuma. Dada alikula mpaka akanyanyua mifupa tuione, akanawa, akamwambia baba kwa upole sana, "Baba, nikifa, mlisema kweli. Nisipokufa, mumwite mshenga."

Basi tukaanza kumngojea afe. Nawaambia ukweli wa nyumba yetu. Dada akipiga chafya, watu wote tunanyamaza. Akichelewa kuamka, Bibi anasimama nje ya mlango wake akisikiliza pumzi. Kesho yake tumbo lilimuuma, Bibi akamnywesha maji ya mizizi huku akimwambia, "Nilisema mimi." Dada akajibu kwamba mtu yeyote aliyekula kuku mzima peke yake angeumwa tumbo. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, na niliogopa kiasi kwamba nilimgusa mguu kila niliposhtuka, kuona kama una joto. Hakunifukuza. Siku moja aliniambia taratibu kwamba na yeye anaogopa, ila nisimwambie mtu. Nilimpenda sana siku ile.

Ijumaa ilipofika, dada alikuwa mzima na amenenepa kidogo. Baba alirudi kutoka msikitini, hakuvua kanzu, akatoka tena kwa miguu kwenda kwa Mzee Swalehe. Haijawahi kuwa desturi baba wa binti amfuate mshenga. Watu walimwona, naye alijua wanamwona. Alipofika alisema neno moja tu la maana, kwamba amekuja kuuliza lini. Bibi naye akafagia majivu yake kizingitini, ingawa alisema ni kwa sababu yanachafua.

Walioana, na Rama akawa mkwe wa kutegemewa. Dili za kuku zikazaa mashine ya kukamua alizeti, na baba akawa anakwenda kukaa pale mashineni akitazama mzani, bado anashuku, sasa akiwashuku wateja. Hakuwahi kusema kwamba alikosea. Alipougua, Rama ndiye aliyekuwa anamgeuza kitandani, na baba hakutaka mwingine.

Siku hizi mambo ni mengine. Vijana wetu hawashuku chochote, wala hawapendi kushukiwa. Wanampa mtu wasiyemjua picha zao, siri zao na namba zao, halafu wanatuficha sisi tuliowaogesha. Zuhura, binti wa mwisho wa dada Mwajuma, yuko Dar es Salaam. Mwaka jana alipiga simu akasema amepata mwenzake. Dada akamuuliza huyo kijana anafanya kazi gani. Zuhura akacheka, akasema ana dili zake za mtandaoni. Nilikuwepo, nikamwona dada yangu, yuleyule aliyekula tetea mweusi, anasogeza kiti nyuma. Aliuliza kwao ni wapi, wazee wake ni akina nani, mshenga atakuwa nani. Akasema atapanda basi aende kuona kwa macho yake. Zuhura akamwambia, "Mama, si dili," akakata simu.

Picha za harusi tulizipata kwenye kundi la familia, kwenye simu, kati ya matangazo ya mtu anayeuza viatu. Kijana anaonekana msafi. Dada alizikuza kwa vidole viwili, akatazama uso wake, akashuka kwenye mikono, akashuka mpaka kwenye viatu, akitafuta kitu cha kumshika nacho. Hakukipata. Akasogeza picha pembeni, kwenye viti vya wazee upande wa bibi harusi. Walikuwa wamekaa mwanamume na mwanamke tusiowajua, wamevaa vizuri, wanatabasamu. Aliniuliza ni akina nani, nikasema sijui. Rama aliinuka akatoka nje. Dada akaendelea kuwatazama wale watu waliokaa mahali pake, kisha akaniuliza kama nadhani wao walau walimuuliza kijana anafanya kazi gani.