Timu Ilirudi Kutoka Isangi

Juzi, kule uwanja wa ndege wa Bangboka, niliwaona vijana wa timu yetu ya basketi ya kulipwa wakipanda ndege kwenda kucheza, nikamkumbuka papa, baba yangu. Misimu ya kwanza ya timu ile, yeye na wenzake walisafiri kwa baleinière, mashua kubwa ya mbao yenye mota.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, mama alikuwa akikaanga makemba, ndizi zetu kubwa, uani, papa akaingia pekupeku, amelowa, ananuka tope na mazout ya mota.

"Papa, mulishinda?" nikamuuliza.

"Tulishinda," akajibu, akaketi chini.

Nikaanza kuimba. Mama akaniziba mdomo kwa mkono wake wenye mafuta, na makemba yakaanza kuungua. Ndipo papa akasema kwamba wakati wa kurudi kutoka Isangi mashua ilipinduka karibu na Yanonge, na tonton Alimasi haonekani.

Tonton Alimasi, jirani yetu niliyemwita mjomba, alikuwa mrefu kuliko wachezaji wote. Mto nilioujua mimi ulikuwa ule wa kuogea ukingoni, wa kufika kiunoni. Sasa najua kwamba katikati unaweza kumeza nyumba.

Nikakimbia kwa mke wake, mama Zaina, aliyeketi mlangoni kati ya wanawake waliokuwa wakilia.

"Usilie," nikamwambia. "Tonton iko murefu. Maji haiwezi kumufunika."

Mama Zaina akanishika mabega, akanitazama sana.

"Uko na hakika?" akaniuliza polepole.

"Ndiyo, mama."

Akainuka, akachukua nguo kavu za mumewe, akaenda mtoni.