Wauguzi Wawili Waliohesabiwa Mmoja

Imekuwa ikisemwa, hata na watu waliopaswa kujua zaidi, kwamba sisi maafisa utumishi wa zamani tuliiogopa kompyuta. Jambo hilo si kweli, na kwa kuwa nilikuwapo, naomba niliweke sawa. Kompyuta ya kwanza ya idara yetu pale Mbinga niliipokea kwa mikono yangu, nikaitafutia meza isiyoyumba mbali na dirisha, na mke wangu akaishonea kitambaa cha kuikinga na vumbi. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipokwisha kuingia kugombea kahawa na chama cha ushirika, na kila kilichotoka mjini kilitanguliwa na neno “ufanisi”. Sikuupinga ufanisi. Nilichokipinga ni uvivu uliojiita hivyo.

Programu ya kutunza taarifa za watumishi nilikuja kuipenda. Kujua nani anakaribia kustaafu, nani hajakwenda likizo, kituo gani kina upungufu, kulikuwa kazi ya kushinda masijala ukipiga chafya. Sasa ikawa kazi ya kabla ya chai. Maafisa wapya wanaopita kunisalimu shambani huniuliza niliwezaje kuelewana nayo. Huwaambia waisikilize lakini wasiiachie uamuzi. Wakiniomba mfano, huwapa ule wa wauguzi wa zahanati moja upande wa Lituhi, kando ya ziwa.

Wauguzi hao walikuwa mabinti wa ndugu wawili, wenyeji wa upande wa Kigonsera. Wote wawili walipewa jina la bibi yao mzaa baba, kama ilivyo desturi, na wote wawili walibatizwa Pasaka moja. Cheti kilionyesha siku ya ubatizo, na shule ikaichukua siku hiyo kuwa ya kuzaliwa. Baba wa yule mdogo alikwenda migodini Afrika Kusini asirudi, naye akalelewa na baba mkubwa, aliyemsomesha sawa na binti yake wa kumzaa. Kwetu baba mkubwa ni baba, na hakuna anayeona haja ya kueleza zaidi. Hivyo tangu kuajiriwa, taarifa zao zilikuwa na jina moja, baba mmoja, ukoo mmoja na tarehe moja ya kuzaliwa. Kisha wakapangiwa kituo kimoja. Masijala haikupata tabu nao kamwe. Walikuwa na majalada mawili yenye namba mbili, basi.

Ulipotangazwa uhakiki wa watumishi, makao makuu yalimleta mtaalamu wa kompyuta, mtu mwerevu mwenye haraka. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya kioo, ili sote tulitumie. Nililikataa. Ofisi ambayo kila mtu anaingia kwa jina la mwenzake haina njia ya kujua nani ameandika nini. Nilidai langu, nikalikariri, na hata mke wangu hajaambiwa mpaka leo.

Kila mtumishi alitakiwa kufika Mbinga yeye mwenyewe. Lakini zahanati ile ilikuwa na wauguzi hao wawili tu, na wajawazito hawawezi kuambiwa wasubiri uhakiki uishe. Ikabidi waje kwa zamu. Mkubwa alikuja, akahakikiwa, akarudi ziwani. Ndipo mdogo akapanda gari la mizigo, akafika akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi, nikayasikia yote.

“Dada, si ulikuwa hapa juzi?” mtaalamu alimuuliza.

“Yule alikuwa dada yangu.”

Akamwomba majina na tarehe ya kuzaliwa, akabonyeza, na maandishi mekundu yakatokea kwamba mtumishi huyo yumo tayari.

“Dada yako ana sura yako, jina lako, baba yako na siku yako ya kuzaliwa. Viatu je?”

“Viatu tunaazimana,” alijibu.

Mtaalamu alicheka, kisha akamweka kwenye kundi la watumishi hewa, wale wa kuondolewa kazini uhakiki ukifungwa. Muuguzi akaja mlangoni kwangu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?”

“Huko nimeambiwa mimi sipo.”

Nilimwita mtaalamu. Alikuwa na dawa mbili, na zote alizitoa bila kukaa kitini. Ya kwanza, tumwekee yule mdogo tarehe nyingine ya kuzaliwa. “Weka yoyote, mzee, hata kesho yake.” Nilimweleza kwa sauti iliyosikika hadi uani kwamba tarehe iliyoandikwa mtu anapoajiriwa ndiyo inayotambulika mpaka anastaafu, na kwamba taarifa ya kubuni ikishaingia kwenye programu hurudia katika kila orodha inayotolewa, mpaka mwenye kuibuni mwenyewe anaiamini. Ya pili, binti aandike jina la baba aliyemzaa. Hilo halikuwa langu kulikataa. Nilimgeukia yeye.

“Aliyenizaa simkani,” alisema. “Ila aliyenipeleka chuo yupo Kigonsera, anachuma kahawa yake. Nikamwambie nini? Kwamba kompyuta imemwondoa ubaba?”

“Na ukiondolewa kazini?”

Alikung'uta vumbi kwenye kitambaa chake cha kichwani. “Nitaondoka nikiwa na jina la baba.”

Programu ilikuwa na njia ya tatu, na mtaalamu aliijua. Afisa anaweza kuthibitisha kwamba taarifa mbili zinazofanana ni za watu wawili, mradi aingie kwa neno lake la siri, aandike sababu, na jina lake libaki hapo. Nilimuuliza kwa nini hakuitaja.

“Ikigundulika ni hewa, mzee, litatafutwa jina langu.”

“Basi liwekwe langu.”

“Wewe umewahi kuwaona wote wawili kwa pamoja?”

Swali lilikuwa la haki, na jibu lilikuwa hapana. Sijawahi kuthibitisha nisichokiona. Nikamwambia binti atangulie kurudi kituoni, nikaomba gari, nikamwambia mtaalamu achukue kompyuta yake mpakato yenye taarifa zetu, na kesho yake tukateremka Lituhi.

Tulikuta usipa, dagaa wa ziwani, umeanikwa hadi karibu na ua wa zahanati, na kina mama wamejaa kwenye benchi la barazani. Muuguzi mmoja alitoka kutusalimu.

“Mwenzako yuko wapi?” mtaalamu aliuliza.

“Ndani, na mzazi.”

“Aje tumwone.”

“Nimwambie mtoto angoje?”

Akaingia ndani kumpokea. Punde akatoka muuguzi, akijifuta mikono.

“Huyu si ndiye aliyeingia sasa hivi?” mtaalamu aliniuliza.

Mama mmoja kwenye benchi hakuweza kujizuia. “Baba, umetoka mbali kote huko kuja kuhesabu mpaka mbili?”

Baraza zima likacheka, nami, ingawa nilikuwa kazini, nikacheka. Mtaalamu naye hakununa. Alikaa kwenye ukingo wa benchi, wakamsogelea na maswali yao kama ameoa na kwa nini bado. Tukangoja. Mtoto akalia, wa kiume, na baada ya kumhudumia mama yake wauguzi wakatoka wote wawili, wakasimama bega kwa bega mlangoni. Mtaalamu aliwatazama kwa muda mrefu.

“Kumbe mmoja ni mrefu zaidi.”

“Huyo mrefu ndiye mdogo,” yule mama wa benchi alimsahihisha.

Kompyuta iliwekwa kwenye meza ya kupimia watoto uzito. Nilipoanza kuandika neno langu la siri, mtaalamu aligeuza uso bila kuambiwa, jambo nililolihesabu kuwa maendeleo. Penye sababu niliandika: Ni watumishi wawili. Nimewaona wamesimama pamoja, kituoni, wakiwa kazini. Nikabonyeza, na maandishi mekundu yakaondoka.

Yule mdogo aliomba asome. Nimekuwa nikiwashauri maafisa wote wafanye hivyo: mtumishi asome taarifa zake mwenyewe kabla hujafunga ukurasa, maana hakuna atakayezisoma kwa makini kumzidi. Alipitisha kidole juu ya kioo, mstari kwa mstari, akasimama penye jina la baba.

“Mmemwacha,” alisema.

“Tumemwacha alivyo.”

Kidole chake kilikuwa kimeacha alama ya maji. Akaifuta kwa upindo wa gauni lake jeupe, akamshukuru mtaalamu kwanza, kisha mimi, akarudi ndani kumkorogea mzazi uji.