Mashine ya Pumzi na Chumba Kimoja

Wazazi wetu walipofariki, ukoo ulikaa baada ya mazishi ukagawana watoto. Dada yangu aende kwa shangazi Eastleigh, kitinda mimba apelekwe mashambani. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliwaambia hakuna anayeenda popote, na juma lililofuata nikaanza kukata nyama kwenye bucha moja soko la Burma. Tulibaki watatu katika chumba kimoja Makongeni. Sikuwa na jambo jingine la kujivunia.

Baadaye pumzi ikaanza kunikatika usingizini. Nilikoroma, nikanyamaza ghafla, na dada yangu akawa ananivuta kidole cha mguu mpaka nivute hewa tena. Mchana nilisinzia nimesimama. Kliniki ikanipa mashine ya kusukuma hewa puani, yenye mpira mrefu na barakoa, nikarudi kuwa mtu.

Korona ilipoingia, muuguzi alinipigia simu.

"Ile mashine inatawanya pumzi yako chumbani. Wewe unakutana na watu kutwa, waweza kuwa na virusi bila kujua. Lala peke yako, dirisha wazi. Lakini usiizime."

"Sista, chumba chenyewe ni kimoja."

"Basi wengine walale kwingine."

Niliizima, sikumwambia mtu. Siku ya nne nilisinzia juu ya gogo la kukatia nyama, kisu kikanipitia kidole gumba. Mwenye bucha alinifunga kitambaa.

"Wateja wameagiza mbuzi," alisema, "hawajakuagiza wewe. Nenda nyumbani ukalale."

Jioni hiyo nilimpigia shangazi. Nilitarajia anikumbushe nilivyojibu wakubwa matangani. Alisema tu, "Walete. Na magodoro yao."

Dada yangu alikunja nguo. Mdogo wetu aliuliza watarudi lini, nikamwambia upesi.

Chumba kikawa kikubwa kupita kiasi. Nilipika ugali wa watu watatu kwa mazoea, nikaula asubuhi umepoa. Jumapili niliosha ule mpira nikauanika kwenye kamba ya nguo tunayotumia wote. Mama wa mlango wa pili akaanza kuanua nguo zake zikiwa bado mbichi.

"Jirani, hiyo si oksijeni ya wagonjwa?"

"Ni ya kunisaidia kulala, mama."

"Hata hao wa korona huanza kwa kulala," alisema, akaingia ndani. Tangu hapo nilianika mpira chumbani, na kwa wiki nyingi hakuna aliyebisha mlango wangu.

Upesi ile ilipita mwaka. Nilipodungwa chanjo ya pili, muuguzi akaniruhusu kuishi tena na wenzangu, dirisha likibaki wazi. Nilienda Eastleigh siku hiyo hiyo. Dada yangu alikuwa amekwisha kuvaa viatu, mkoba begani. Mdogo wetu alikuwa mezani akiandika, amerefuka. Hakusimama.

"Kaka, huku nina kitanda changu," alisema. "Na shule iko hapo tu."

Shangazi alitazama sakafu. Alikuwa ananiachia mimi niseme. Ningeweza kumwamuru, naye angetii, hajawahi kunikatalia.

"Ukimaliza hiyo hesabu," nilimwambia, "utusindikize mpaka kituoni."

Alitusindikiza. Tukarudi Makongeni wawili, godoro la tatu tukaliacha huko huko.