Kibuyu Kilichorudi Kitupu

Mwezi jana nilienda Embu kumwona mtoto mchanga wa ndugu yangu, nikabeba uji wa wimbi ndani ya kibuyu. Najua, siku hizi watu hubeba uji kwa themosi, lakini mimi ni mkaidi. Ndugu yangu amepanga nyumba katika mtaa ule wa nyuma ya soko. Aliponiambia hivyo kwenye simu nilimuuliza mara mbili, naye akadhani mtandao unasumbua.

Tulipokuwa wadogo, mtaa huo haukutajwa mbele ya wageni. Baa zilijipanga kutoka kona ya fundi wa viatu hadi darajani. Mchana palikuwa kimya, pananuka bia iliyomwagika na nyama ya jana, na wanawake waliofanya kazi huko walikaa milangoni wakisukana nywele. Mwalimu wetu akitaka kumwaibisha msichana darasani, alimwambia tu, "Naona wewe unaelekea nyuma ya soko." Nasi tulicheka, Mungu atusamehe.

Mama alikuwa akimuuzia maziwa mwanamke mmoja mwenye baa pale. Siku uchungu wa kujifungua ulipomshika Mama njiani, ni huyo mwanamke aliyefunga baa yake na kumfikisha hospitali. Ndipo akazaliwa huyu ndugu yangu. Akina mama wa kanisa walikuja nyumbani kumwona mtoto, huyu na sufuria ya mukimo, yule na bakuli la njahi. Mwenye baa naye akaja, kitambaa kichwani, na kibuyu cha uji. Akina mama wakavuta vikapu vyao karibu. Nyanya alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na wageni walipoondoka akaumwaga uji wote kwenye shina la mgomba.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," alisema. Mama alikuwa kitandani. Alisikia, akageukia ukuta.

Kesho yake nyanya alikisugua kibuyu kwa majivu na kunituma nikirudishe. Sasa, ni nyanya huyo huyo aliyetufundisha kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu, utatia chumvi kidogo. Nilisimama nikingoja aweke chochote.

"Nenda," akasema.

Maharagwe yalikuwa yameanikwa uani. Nilipita kando yake. Ningechota konzi moja tu, na hakuna ambaye angeniona, lakini niliogopa.

Mwanamke alikipokea kibuyu, akakipima mkononi, akainusa shingo yake.

"Mama alikunywa?"

"Alikunywa yote. Anasema asante sana."

"Haya. Na wewe umwambie cucu, huyo nyanya yako, nimeshukuru. Amenioshea vizuri sana."

Alitabasamu, lakini hakunitazama. Tangu siku hiyo alinunua maziwa kwingine.

Baa zilifungwa moja baada ya nyingine. Palipokuwa na yake sasa kuna kanisa lenye viti vya plastiki, na mkabala wake shule ya chekechea. Ndugu yangu anausifu mtaa wake. "Huku ni kutulivu, dada. Huo upuzi wote ulihamia bypass, ile barabara inayozunguka mji, kwa wenye magari." Kwa hiyo wazazi wa leo wanawaonya binti zao kuhusu bypass. Huenda siku moja huko nako kutajaa makanisa.

Fundi wa viatu bado yuko kwenye kona yake, mzee sasa. Nilimuuliza yule mwanamke alienda wapi.

"Alihama," akasema. "Alienda wapi, hakuna mtu aliuliza."

Mtaa ulisafishwa jina bila hata kuomba msamaha. Yeye aliondoka na jina lile lile tulilompa. Hata mimi sikuwahi kumtafuta, na hilo linaniuma.

Nilipokuwa naaga, wifi yangu alinifuata mlangoni na kibuyu changu. Msichana wa juzi tu, lakini amefunzwa kwao. Alikuwa amekijaza maharagwe.

"Hatuwezi kukurudishia kikiwa kitupu, dada."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito. Nililia pale pale mlangoni, na wao wakadhani ni furaha ya mtoto.