Kivuli Alichokichoma Baba Mdogo

Mabibo ya mkorosho yaliyoiva yakianguka na kulala juani kutwa, hutoa harufu tamu yenye ukali, inayoita nyuki na kukaba koo. Kwangu hiyo ni harufu ya mdogo wangu Zuhura akirudi duniani. Msimu ule wa korosho, huku Njinjo, tulikuwa tumezika baba na mama, nami nimeacha shule ili nimlee. Tulihamia kwa baba mdogo. Zuhura aliacha kula, akaacha kusema. Akilala, alishtuka akitetemeka. Nilipoona mbavu zinamtokeza, nikawa nambeba mgongoni kila asubuhi hadi shamba la marehemu baba, namweka chini ya mikorosho, peku juu ya majani makavu. Mwanzoni alikaa tu akisikiliza ndege. Kisha akaanza kuokota korosho na kufyonza mabibo, maji yakimchuruzika hadi viwikoni. Jioni moja akasema, "Dada, njaa inaniuma." Nililia. Msimu ulipokwisha alikuwa akilala fofofo, na mchana akinizomea kwa uvivu wa kuokota.

Baba mdogo akaikata mikorosho yote, akachoma mkaa, akapanda ufuta. Tulikuwa watoto, nani angemzuia? Zuhura akarudi kwenye ukimya wake. Sikugomba. Nilimwamkia shikamoo kila siku, nikapalilia ufuta wake, na kati ya mistari nikafukia korosho za baba nilizokuwa nimezificha. Alipoiona miche aliwaita majirani, akicheka. "Mwoneni binti yangu, kaipanda yote peke yake! Panda, mama, panda, nitazila uzeeni!"

Kwetu ardhi yaweza kuwa ya ukoo, lakini mti ni mali ya aliyeupanda. Mikorosho ilipozaa, naye akaja na magunia, niliwaita wazee na majirani wale wale. Wakamuuliza aliyepanda ni nani. Akakunja magunia yake matupu, akaondoka.

Sasa ana presha. Muuguzi wa zahanati kamwambia atembee na akae penye miti, apate hewa na utulivu. Kwake ni bati na vumbi. Kila mti aliutia tanurini. Juzi alimtuma mkewe.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako anaomba kivuli tu."

"Mwambie akakae kwenye kivuli cha mkaa wake."

"Una roho ngumu wewe!"

"Kanilea mwenyewe."

Watu huniambia nisamehe, kwa kuwa Zuhura amepona. Ni kweli. Ana watoto, na kicheko chake chini ya mikorosho yangu hufika barabarani. Lakini tangu ile ikatwe hadi hii itoe kivuli, mdogo wangu aliishi miaka mingi bila sauti, na miaka hiyo hakuna wa kumrudishia. Ninachoweza ni kumwonjesha aliyeichukua maisha bila kivuli. Uzio wa miiba kuzunguka mikorosho niliufunga mwenyewe, na leo asubuhi nimeukaza.