Ufagio wa Bomani

Mama anayelinda magofu ya boma la Mjerumani hufagia uwanja kila jioni akirudi kinyumenyume, ili mchanga ubaki mtupu na asubuhi umwambie nani kapita. Gwakisa, mchimbaji kutoka Chunya aliyeapa kuwa chini ya ukuta kumefukiwa rupia, sarafu za enzi za Mjerumani, alirudi alfajiri akamkuta mama huyo kakaa ndani ya shimo ambalo Gwakisa alilichimba jana, anapukuchua mahindi kwenye ungo.

“Shikamoo, mama. Naomba unipishe.”

“Marahaba. Chimba tu, mwanangu.”

Lakini mama hakusogea. Gwakisa akainua sururu juu ya kichwa. Mama akaufunika ungo kwa kitenge, vumbi lisiingie, akatulia palepale. Gwakisa akaishusha sururu taratibu mpaka begani. Alipokuwa anaondoka alisikia ufagio unamfuata nyuma, ukifuta nyayo zake mpaka mchanga ukawa mtupu tena.